Kioo hakirushi maji: maswali ya kila mara kuhusu umeme wa pampu ya maji ya kioo cha mbele

Mteja wa tatizo hili mara nyingi huja gereji akiwa na pampu mpya mkononi, bado imo kwenye nailoni ya dukani. Jirani amemwambia "hiyo pampu imekufa", akanunua, na sasa anataka afungiwe tu. Nusu saa baadaye pampu yake ya zamani inarusha maji kama kawaida na ile mpya inarudi kwenye nailoni. Ilikuwa fyuzi, au soketi iliyooza, au waya uliokatika. Majibu haya ni ya kukuepusha na safari hiyo ya duka la spea. Mifano mingi ni ya magari ya Kijapani, hasa Toyota, maana ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu, lakini upimaji ni uleule kwa karibu gari lolote dogo la betri ya volti 12.

Nikivuta kifimbo cha waipa (ule mkono wa swichi kando ya usukani) maji hayatoki. Nitajuaje kama tatizo ni umeme au ni maji?

Tumia sikio kwanza, mita ya kupimia volti baadaye. Zima redio na feni. Washa swichi ya gari mpaka taa za dashibodi ziwake, ila usipige stata. Usiishie pale kwenye ACC ambapo redio inaongea. Hapo Toyota nyingi hazipeleki umeme kwenye waipa wala kwenye pampu, na nimewahi kuona mtu akihangaika asubuhi nzima kwa sababu hiyo tu. Mtu mmoja asimame karibu na fenda au bampa lilipo tangi la maji, wewe vuta kifimbo cha waipa kuelekea kwako kwa sekunde mbili tatu.

Akisikia mngurumo mwembamba, kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa, mota inazunguka na umeme hauna kesi. Tafuta kwenye maji: tangi tupu, chujio lililojaa tope, mpira uliochomoka au kukunjika chini ya boneti, vitundu vilivyoziba. Pini nyembamba na pumzi ya pampu ya baiskeli humaliza mengi ya hayo.

Kukiwa kimya kabisa, tatizo ni la umeme au mota yenyewe, na kazi inaanzia hapo. Ukisikia "tak" moja kisha kimya, huenda ni relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) inayobofya bila kupeleka umeme mbele, au mota imepata umeme lakini imekwama.

Umeme wa pampu hii unapita wapi hasa?

Hapa usiruke, kwa sababu anayejua njia hapimi kwa kubahatisha.

Umeme unatoka betri, unapita swichi ya kuwashia gari, unaingia kwenye fyuzi, unafika kwenye pampu, kisha unarudi betri kupitia bodi ya gari. Hiyo njia ya kurudi ndiyo mafundi wanaiita ethi. Mahali fulani katikati kuna kifimbo cha waipa kinachofunga na kufungua njia. Swali ni hili: kifimbo kimekaa upande gani?

Kwenye Toyota nyingi kimekaa upande wa ethi. Maana yake ukishawasha swichi tu, chanya tayari imefika kwenye pampu na inasubiri. Unapovuta kifimbo hupeleki chanya. Unaipa mota njia ya kurudi. Wengi huamini kinyume chake, na ndiyo maana wakikuta volti 12 kwenye soketi wanakimbilia kusema pampu imekufa. Hizo volti 12 zingekuwepo hata kama kifimbo kimevunjika vipande viwili.

Kwenye magari mengine mambo yamegeuzwa: ethi imefungwa bodini siku zote na kifimbo ndicho kinachopeleka chanya. Na kwenye magari mapya, hasa ya Ulaya, kifimbo hakibebi umeme wa pampu kabisa. Kinatuma taarifa kwa kontrolboksi ya bodi, yaani kompyuta ndogo ya gari, nayo ndiyo inayoipa pampu umeme.

Fyuzi ya pampu nitaipata wapi?

Mara nyingi iko ndani, chini ya dashibodi upande wa dereva au nyuma ya kikasha cha abiria; baadhi ya magari huiweka kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Soma mfuniko. Toyota huandika WASHER, WSH au WIP. Gari likiwa na WIP peke yake, kuna uwezekano waipa na pampu vinatumia fyuzi moja, na hapo waipa zikifanya kazi fyuzi haina kosa. Mifuniko ya magari yaliyotumika Japani wakati mwingine imeandikwa Kijapani kitupu; piga picha, tafsiri kwa simu.

Fyuzi bapa zina rangi zilizokubaliwa: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, nyeupe inayoona ndani 25, kijani 30. Usiiamini kwa macho. Ule uzi wa ndani huweza kupasuka pembeni pasipoonekana. Ipime ikiwa mahali pake, swichi imewashwa: kuna vinundu viwili vya chuma mgongoni, vyote viwili viwe na umeme. Kimoja kikiwa nao na kingine hakina, imekatika.

Nimeweka fyuzi mpya imekatika palepale. Niweke kubwa zaidi?

Hapana. Wala usizungushie karatasi ya sigara, wala uzi wa waya wa shaba. Najua kila stendi ina mtu anayefanya hivyo na gari lake halijaungua. Fyuzi ya ampea 15 imechaguliwa kwa unene wa waya ulioko nyuma yake. Ukiweka 30, kitakachoyeyuka safari ijayo ni huo waya, ndani ya dashibodi, mahali usipopaona.

Fanya hivi: chomoa soketi ya pampu kabisa, weka fyuzi ya kiwango kilekile, washa swichi, vuta kifimbo. Isipokatika, aliyekuwa anaikata ni pampu. Mota imekwama, na mota iliyokwama hula umeme mwingi kuliko inayozunguka. Kama gari lina pampu ya nyuma kwenye fyuzi hiyohiyo, ichomoe nayo ujaribu moja moja. Ikikatika hata pampu zikiwa zimechomolewa, kuna shoti kwenye waya: chanya imechubuka na inagusa chuma. Angalia waya unapopita pembeni ya fenda, nyuma ya taa kubwa, na mahali ambapo bampa limewahi kufunguliwa.

Angalia inakatika lini pia. Ikikatika pale tu unapowasha swichi, kabla hujagusa kifimbo, shoti iko upande ambao chanya inakaa muda wote. Ikikatika unapovuta, iko kwenye pampu, au kwenye waya unaopata umeme baada ya kifimbo kufungwa.

Nina mita. Nipime nini ili nijue kwa uhakika?

Pima namba mbili. Ni mbili tu, na ndizo zinazotenganisha kupima na kubahatisha.

Acha soketi ikiwa imechomekwa kwenye pampu. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Waya mweusi wa mita ushikize kwenye ncha hasi ya betri yenyewe, si kwenye boliti yoyote unayoiona, kwa sababu boliti yenye rangi au kutu itakudanganya. Waya mwekundu uingize taratibu nyuma ya soketi, pale waya wa gari unapoingia, ukitumia pini nyembamba. Usitoboe ngozi ya waya. Tundu hilo litanywa maji na mwakani utarudi kwangu na tatizo jipya.

Washa swichi, mwambie mtu avute kifimbo na akishikilie sekunde chache. Soma waya wa kwanza, kisha wa pili.

Ukipata 12 na 0, pampu kimya, basi ni pampu. Chanya imefika, njia ya kurudi iko wazi, mota imekataa. Hapo ndipo unaponunua.

Ukipata 12 na 12, pampu haina hatia. Chanya imefika, imepita ndani ya mota, imekosa pa kutokea. Njia ya kurudi imekatika: kwenye Toyota nyingi maana yake ni kifimbo, au waya unaotoka pampu kwenda kifimbo, au ethi ya kifimbo. Kwenye gari lenye ethi ya moja kwa moja, fuata waya mweusi au kahawia wa pampu mpaka unapofungwa bodini. Utakuta boliti yenye kutu.

Ukipata 0 na 0, chanya haifiki. Rudi kwenye fyuzi, kisha waya kati ya fyuzi na pampu. Kama ni gari ambalo kifimbo kinapeleka chanya, kifimbo nacho kimo kwenye orodha ya washukiwa.

Kuna matokeo ya nne. Namba mbili zikiwa karibu na ukweli lakini si kamili, mfano 12 na 4, na pampu inazunguka kwa uvivu, zile volti 4 zimeliwa njiani na kutu au waya uliobaki nyuzi mbili. Kwenye njia nzima ya ethi usikubali zaidi ya nusu volti wakati mota inazunguka.

Nyongeza kwa mwenye Toyota ya ethi kwenye kifimbo: soma namba zile mbili pia bila kuvuta. Zinatakiwa ziwe 12 na 12. Wa pili ukisoma 0, au namba inayoyumbayumba, wakati wa kwanza una 12, umeme umeshindwa kuvuka mota yenyewe. Kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha, au miguu yake haigusi ndani ya soketi.

Mita inasoma volti 12 kwenye soketi niliyoichomoa, lakini nikichomeka pampu haizunguki. Pampu nyingine pia haizunguki. Ni mazingaombwe?

Ni waya uliooza. Mita hunywa umeme kidogo mno, kiasi kwamba hata unyuzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuionyesha 12. Pampu inataka kama ampea 3 hadi 5. Ni kama bomba la maji lililoziba: ukilifunga mwishoni presha unaiona, ukilifungua yanatoka matone.

Ndiyo maana nilikuambia upime soketi ikiwa imechomekwa. Ukitaka uhakika zaidi chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishie vipande viwili vya waya, iweke mahali pa pampu. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75, ni mzigo wa kweli. Ikiwaka kwa nguvu ukivuta kifimbo, waya ni mzima. Ikiwaka kama kaa la sigara, kuna kutu mahali fulani. Balbu ndogo ya wati 5 haivuti hata nusu ampea, kwa hiyo haikupi ushahidi uleule.

Tahadhari moja: kwenye magari ambayo pampu inaendeshwa na kontrolboksi, usichomechome balbu kwenye kila waya unaokutana nao. Tumia mita.

Sina mita wala tesita. Naweza kujua chochote?

Unaweza kujua mengi, hasa kama gari lako lina waipa ya nyuma. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya aina hiyo, pampu mbili zimekaa bega kwa bega kwenye tangi moja, kila moja na soketi yake. Kama soketi zinaingiliana, badilishana: ya mbele ichomeke kwenye pampu ya nyuma. Vuta kifimbo kama unayerusha mbele. Pampu ya nyuma ikinguruma, umeme wa mbele ni mzima na pampu ya mbele ndiyo mbovu. Isiponguruma, na hapo awali ilikuwa inafanya kazi, shida iko kwenye umeme wa mbele. Jaribio hili halina gharama na halidanganyi. Baadhi ya watengenezaji wameweka soketi zenye maumbo tofauti ili zisichanganywe, usilazimishe.

Njia nyingine ni kuipa pampu umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili zenye fyuzi ya ampea 10 katikati. Hakikisha tangi lina maji. Funga kwanza upande wa pampu, na mguso wa mwisho uufanyie kwenye chuma cha injini mbali na betri, maana cheche juu ya betri inayotoa gesi ni hatari.

Nikivuta kifimbo waipa zinapangusa zenyewe mara mbili tatu, ila maji hakuna. Hii inaniambia nini?

Inakupa habari njema. Kwenye magari mengi mpanguso ule unatokana na ishara ileile ya kurusha maji. Zikipangusa, kifimbo kimefanya kazi yake. Tafuta kuanzia kwenye waya unaoelekea pampu. Ikiwa pampu ina fyuzi yake peke yake, anza nayo.

Cha nyuma kinarusha, cha mbele hakirushi. Na jirani yangu gari lake ukirusha mbele maji yanatoka nyuma!

Wewe una pampu mbili, na jibu lako liko hapo juu kwenye kubadilishana soketi.

Jirani yako pengine ana gari la Ulaya lenye pampu moja yenye midomo miwili. Mota inazunguka upande mmoja, maji yanakwenda mbele. Umeme ukigeuzwa chanya kuwa hasi inazunguka upande wa pili, maji yanakwenda nyuma. Yakibadilishana namna hiyo, ama mtu amefunga waya kinyume kwenye soketi, ama mipira miwili imechomekwa kwa kupishana. Mwulize nani aligusa gari lake mara ya mwisho. Pampu ya aina hii ikifanya kazi upande mmoja na ikawa kimya upande mwingine, mota yake si mbovu. Kinachoigeuzia umeme ndicho cha kuangaliwa, iwe kifimbo, relei au kontrolboksi.

Gari limetoka kwa fundi bodi juzi. Kabla ya hapo lilikuwa linarusha.

Basi usipime kitu. Funua plastiki ya ndani ya fenda uangalie soketi.

Niliwahi kuletewa gari dogo lililogongwa ubavuni, likanyooshwa na kupakwa rangi, kazi safi kweli. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha fyuzi mara mbili na alikuwa tayari kuagiza kifimbo. Soketi ya pampu ilikuwa inaning'inia hewani sentimita tano kutoka kwenye pampu, imepakwa rangi ya bluu ya gari. Hakuna aliyeichomeka. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni kama bampa limewahi kufunguliwa.

Pampu yenyewe iko wapi na nitaifikiaje?

Imechomekwa ubavuni mwa tangi, chini kabisa, kwenye mpira mdogo mweusi. Kwenye magari mengine ukifungua boneti unaiona. Kwenye mengi tangi limejificha ndani ya fenda nyuma ya bampa, na juu unauona mdomo wa kujazia tu. Geuza stelingi ili tairi likupe nafasi, toa klipu chache za plastiki ya fenda, ikunje pembeni. Ukilazimika kutoa tairi, weka stendi. Gari lililosimama kwa jeki peke yake usiingize kichwa chini yake.

Pampu huvutwa kwa mkono, ikiwa wima au kwa pembeni kutegemea tangi, na maji yote yatamwagika palepale. Weka beseni. Ukirudisha, lowanisha mpira kwa maji ili usichanike. Mpira uliochanika hudondosha maji juu ya soketi, na tatizo la maji litakuzalia tatizo la umeme.

Nikigonga pampu kwa mpini wa bisibisi inaamka. Niendelee kugonga?

Inaamka kwa sababu kaboni ndani zimeisha na mtikisiko unazirudisha kwenye mguso kwa muda. Itafanya hivyo wiki moja au mbili. Hiyo nunua mpya bila kupima zaidi.

Soketi ina unga wa kijani. Niisafishe au niikate?

Unga huo ni kutu ya shaba. Ukiwa kidogo, isafishe kwa dawa ya kusafishia miguso ya umeme na mswaki mkavu, kaza vile vyuma vya ndani vilivyolegea kwa ncha ya pini, paka grisi ya umeme kidogo sana. Ukikuta mguu umeliwa hadi umekuwa mwembamba kama kiberiti, usihangaike. Kata na ufunge soketi nyingine kutoka kwenye gari lililokatwa. Menya waya hadi ukute shaba inayong'aa. Mara nyingi weusi umepanda ndani ya ngozi kwa sentimita kadhaa, na ukiunga kwenye shaba nyeusi umejiongopea. Lehemu kwa risasi au bana kwa kiungio, kisha vika bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu haumalizi masika moja mahali pale, maana tairi linaurushia maji kila siku.

Panya je?

Ndiyo, sana, hasa gari linalolala karibu na jiko au ghala la nafaka. Huanza na nyaya nyembamba za mbele. Ukiona vipande vya sponji ya boneti na vinyesi juu ya betri, anza kwa kufuata nyaya kwa macho kabla ya kufungua chochote.

Vipimo vinasema ni kifimbo. Naweza kukifungua mwenyewe?

Kwanza hakikisha. Fungua kasha la plastiki la stelingi (ila soma kwanza tahadhari ya betri hapa chini), tafuta soketi ya kifimbo, na upime kama waya wa pampu unafungana na ethi unapovuta: mita ikiwa kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa waya), swichi imezimwa, inatakiwa isome karibu na 0. Ikisoma mamia, au isipofunga kabisa, vyuma vya ndani vimechakaa au vimejaa uchafu.

Kwenye Toyota nyingi kifimbo cha waipa kinatoka peke yake kwa kubana klipu, bila kugusa usukani. Lakini pale katikati kuna mfuko wa hewa, na nyaya zake kwa kawaida zina ngozi au soketi ya njano. Hizo usizipime, usizichomoe, usizipelekee umeme wa mita. Kabla ya kufungua kasha toa ncha hasi ya betri na usubiri. Toyota yenyewe hutaja angalau sekunde 90. Kama usukani lazima utoke, hiyo ni kazi ya aliyeizoea.

Fundi anataka aniwekee kitufe cha pembeni, kama cha kengele, niachane na kifimbo. Nikubali?

Kifimbo kikiwa ghali au hakipatikani, sipingi. Ninachopinga ni kitufe kinachochukua umeme betri moja kwa moja bila fyuzi, kwa waya mwembamba wa spika. Mwambie achukue umeme unaozimika pamoja na swichi ya gari, aweke fyuzi karibu na chanzo, na waya wa kubeba ampea 5 bila kupata joto. Akikuuliza kwa nini unajua yote haya, cheka tu. Kwenye gari la kontrolboksi usikubali mpaka mtu aliye na mashine ya kupimia aisome kwanza.

Pampu mpya nichague ipi?

Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya midomo, upana wa shingo inayoingia kwenye mpira, na umbo la soketi. Za kichina za bei nafuu hufanya kazi, nyingine miaka. Shingo ikiwa nyembamba kidogo itavuja, na hapo bei nafuu imekwisha. Ukilazimika kuunga soketi tofauti angalia chanya na hasi. Pampu ya mdomo mmoja ukiifunga kinyume huzunguka, inanguruma vizuri, ila maji yanatoka kwa unyonge, na utaanza kusafisha vitundu visivyo na kosa.

Zinakufa kwa nini kila baada ya muda mfupi?

Kubwa kuliko yote ni kuzungushwa bila maji. Maji ndiyo yanayoipooza na kuilainisha mota hii. Maji yasipotoka ndani ya sekunde chache, acha. Pili ni maji ya chumvi: visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi huganda kwenye vitundu, huziba chujio, hula miguu ya pampu pale mpira unapovuja. Tumia maji baridi yasiyo na chumvi, au ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, na tone la sabuni ya maji ukipenda. Sabuni ya unga haiyeyuki yote; inalala chini ya tangi, palepale pampu inapovuta.

Ndugu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wana adui mwingine: barafu. Maji matupu yakiganda hupasua pampu, au huikwamisha na kukata fyuzi. Wao watumie maji maalumu ya baridi, na wasivute kifimbo mpaka gari lipate joto. Wakazi wa Uingereza wakumbuke kwamba kioo kisichorusha maji ya kutosha huangusha gari kwenye ukaguzi wa MOT.

Nimefanya yote nimekwama. Nikimpigia fundi nimwambie nini?

Mwambie gari na mwaka wake, kama pampu inanguruma au kimya, kama waipa zinapangusa ukivuta, kama bampa liliwahi kufunguliwa, na zile namba mbili ulizosoma huku kifimbo kimevutwa. "12 na 12, soketi imechomekwa." Fundi wa umeme akisikia hivyo atakuja na pasi ya kulehemu, risasi na kifimbo cha kujaribia. Akikujibu "lete tu tubadilishe pampu", tafuta namba ya mwingine.